Wafuasi Wameongezeka, Wateja Wamekimbia

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 44, mkazi wa Kigoma, na kwa miaka 11 sasa ninaendesha maisha kwa kuuza dagaa na mawese. Dagaa ninanunua kwa wavuvi katika mwalo wa Kibirizi, ninawaanika kwenye chanja nikisaidiana na kina mama watatu, kisha ninawafungasha na kuwatuma kwa basi kwenda Tabora, Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Miaka mitatu iliyopita binti yangu alinifungulia ukurasa mtandaoni, na tangu hapo kila asubuhi nilikuwa naweka picha ya dagaa wangu na maneno "Dagaa wapo, karibuni". Nilifikisha wafuasi 1,300, wengi wao watu ninaowafahamu au walioletwa na watu ninaowafahamu, na kila wiki sikukosa oda nane au kumi.

Mwezi Aprili mwaka 2024, mtoto wa marehemu dada yangu alirudi kutoka Dar es Salaam, akaniambia kwamba ukurasa wangu umelala na kwamba yeye anajua kuuamsha. Nilimpa nywila. Alifungua pia chaneli ya YouTube, akisema baada ya muda tutalipwa hata bila kuuza dagaa. Nilipomuuliza kwa nini anaandika vichwa vya kutisha, alinijibu, "Mama mdogo, dagaa hufuata taa, na watu hufuata kichwa cha habari. Wewe umekaa gizani na nyavu zako unasubiri nini?"

Leo wafuasi ni 15,000, na nimekuja kugundua kwamba zaidi ya 10,000 kati yao aliwanunua. Aliweka video yenye kichwa "HATARI! Usile dagaa kabla hujaona hii", na ndani yake hakuna kitu isipokuwa orodha ya bei zangu. Alichukua picha za dagaa weupe wanaong'aa kutoka kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Siku hizohizo mimi nilikuwa nimeishiwa, nikanunua mzigo kwa mtu anayeanika chini, na mteja wa Dodoma akapokea dagaa wenye mchanga baada ya kuona picha zile. Aliandika mbele ya watu wote kwamba mimi ni tapeli. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kijana aliandika mwezi Julai, "Dagaa wa leo, wametoka majini alfajiri", na mtu mmoja wa Kasulu akauliza, "Ziwa limefungwa, hao wa alfajiri mmewavua wapi, bafuni?" Watu walicheka, mimi nikalia. Lililoniumiza kuliko yote ni video aliyosema ndani yake kwamba dagaa wa Mwanza huhifadhiwa kwa dawa ya maiti. Hana ushahidi wowote, lakini hiyo ndiyo video iliyotazamwa kuliko zote, mara 40,000.

Oda sasa ni mbili au tatu kwa wiki. Juzi pia amekuja mtu anayeuza dawa za asili, anataka kunilipa ili niseme kwamba mawese yangu pamoja na dawa yake huponya shinikizo la damu na kisukari. Nimekataa, lakini kijana ananiambia ninachezea bahati.

Nimemnyang'anya nywila na nyumbani hatusemezani vizuri. Yeye anasema ukweli hauwezi kulipa hata bando la kuurusha. Shangazi, je, ni kweli kwamba mtu hawezi kuwavuta watu mtandaoni bila kuwadanganya? Nifunge ukurasa huu nifungue mwingine? Nianzie wapi?

Mama wa Kibirizi


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijamgusa kijana nitaanza na wewe, kwa sababu limo jambo moja alilolisema ambalo ni la kweli na hutalipenda. Ukurasa wako ulikuwa umelala. Picha ya sinia lilelile na maneno yaleyale kila asubuhi kwa miaka mitatu hayamdanganyi mtu, lakini pia hayampi mtu chochote. Anayekufahamu ataagiza kwa sababu anakufahamu, na asiyekufahamu atapita kama anavyopita mbele ya duka lililofungwa. Kijana alitambua ugonjwa vizuri, akakosea dawa. Ninalisema hili mapema kwa kuwa wapo watu wengi wanaochukia uongo wa mtandaoni na ambao, kwa kuwa hawajadanganya, hujiona wamekwisha kumaliza kazi yao, ilhali kusema kweli kwa namna inayochosha ni uvivu kama uvivu mwingine.

Ule msemo wake wa dagaa na taa nimeupenda, na ninataka umwambie hivyo. Ila kasoro yake inapaswa kuonekana kwa mtu wa Kibirizi kabla ya mtu mwingine yeyote. Dagaa aliyefuata taa usiku wa leo, kesho yuko juu ya chanja. Hakurudi majini kuwasimulia wenzake yaliyompata, na ndiyo maana taa ileile hufanya kazi usiku unaofuata. Mteja wa Dodoma alirudi, tena alirudi na simu mkononi.

Mimi nimekulia Tabora, si mbali na stesheni, na utotoni tuliuza asali, karanga na ndizi kwenye madirisha ya treni. Tabora ni njia panda, pale ndipo reli ya Mwanza na reli ya Kigoma zinapoachana, kwa hiyo wateja hawakuwa haba. Palikuwa na muuzaji mmoja, simtaji kwa kuwa wajukuu wake wapo, aliyekuwa akichanganya asali na shira ya sukari, na kwa kuwa sauti yake ilizishinda zetu zote, chupa zake ziliisha kabla treni haijapiga honi. Hesabu yake ilikuwa kwamba abiria anakwenda zake. Alisahau kwamba Kigoma ni mwisho wa reli, na kwamba aliyeshuka huko akamaliza shughuli zake hana treni nyingine ya kumrudisha Dar es Salaam isipokuwa ile inayopita Tabora. Haukupita muda mrefu abiria wakawa wanatuuliza kwanza, "Yule mwenye sauti yuko upande gani?" ili wanunue upande wa pili.

Sasa tuje kwenye ukurasa wako. Wafuasi 10,000 wa kununuliwa si watu, na madhara yao hayaishii kwenye fedha alizolipa kijana. Mitandao hii, unapoweka kitu kipya, hukionyesha kwanza kwa sehemu ya wafuasi wako na kutazama wanavyokipokea: wanasimama, wanauliza, wanampelekea mwenzao, au wanapita? Ikiwa wengi wa wafuasi wako ni akaunti ambazo hakuna mtu nyuma yake, kila unachokiweka kitaonekana kimepuuzwa, na mtandao utaona hakuna haja ya kukifikisha mbali. Kwa hiyo hata wale 1,300 wa kweli, waliokuwa wakikuona kila asubuhi, sasa huenda hawakuoni. Wala wafuasi wa kununuliwa si mali ya kudumu: Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti bandia kwa wingi, na watu mashuhuri waliamka wakiwa wamepungukiwa wafuasi kwa mamilioni. Waondoe. Ni kazi ya kuchosha, lakini kijana ana vidole vyepesi na ni yeye aliyewaleta.

Kuhusu vichwa vya kutisha, wenye mitandao wenyewe waliuchoka mchezo huo zamani. Mwaka 2012 YouTube iliacha kutegemea idadi ya mibofyo katika kupendekeza video, ikaanza kutazama muda ambao watu wanabaki wakiitazama, kwa sababu iligundua kwamba kichwa cha uongo huleta mbofyo mmoja na kufuatiwa na kuondoka. Desemba 2017 Facebook nayo ilitangaza kwamba itayapunguzia nafasi machapisho ya kuombaomba, yale ya "weka alama ya kupenda kama unampenda mama yako" na "mtaje rafiki yako hapa". Sikuambii kwamba uongo hausambai tena. Video ya dagaa wa Mwanza imekuonyesha kwamba unasambaa sana. Ninachokuambia ni kwamba wale watazamaji 40,000 walikuja kutazama sumu, hawakuja kununua dagaa, na waliokuwa wanataka dagaa waliondoka wakiwa na hofu ya dagaa wote, wa Mwanza na wa kwako.

Na hizo fedha za YouTube zinazomkosesha kijana usingizi, mkae chini mpige hesabu pamoja. Ili mtu aanze kupata mgawo wa matangazo huko, anatakiwa awe na wanachama 1,000, yaani watu waliojiunga kuifuata chaneli yake, na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 (ipo pia njia ya video fupi, inayotaka kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90). Saa 4,000 ni dakika 240,000. Ikiwa mtazamaji mmoja anakaa dakika mbili, mnahitaji kutazamwa mara 120,000 kwa mwaka, yaani takribani mara 330 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Wanachama wa kununuliwa hawatazami hata sekunde moja. Si jambo lisilowezekana, lakini wewe una biashara tayari. Mteja mmoja wa Morogoro anayeagiza kila mwezi anaweza kukuletea zaidi ya watazamaji wengi wanaopita tu. Kijana ameanza kuwafanya dagaa kuwa chambo cha video, na mimi ninataka video iwe njia ya kuuzia dagaa.

Umeniuliza kama mtu anaweza kuwavuta watu bila kuwadanganya. Anaweza, ikiwa ana kitu anachokijua ambacho wao hawakijui, na wewe unacho kingi mpaka umeacha kukiona. Chukua huo mchanga uliokuvunjia heshima. Hakuna mama wa Dodoma au Dar es Salaam ambaye hajawahi kutafuna dagaa akasikia mchanga mdomoni, na wengi hawajui ulikotoka. Wanadhani ni wa ziwani. Weka glasi mbili za maji safi juu ya meza, mahali penye mwanga wa mchana. Katika glasi ya kwanza tia ngumi moja ya dagaa walioanikwa chini, katika ya pili tia ngumi moja ya dagaa wa chanja yako, koroga zote mbili kwa kijiko kilekile, kisha subiri bila kukata picha na bila kusema neno. Mchanga utazama wenyewe. Mtazamaji ataona vumbi la kijivu likitulia chini ya glasi moja, na wala hutahitaji kumwambia "HATARI". Kisha uonyeshe chanja, uonyeshe wavu wake, uonyeshe jinsi upepo unavyopita chini ya dagaa. Kichwa chake kiwe kile kile kilichomo ndani: "Mchanga kwenye dagaa unatoka wapi, na namna ya kuupima nyumbani kwa glasi ya maji." Kichwa hicho kinavuta kwa sababu kinagusa kero ya kweli, na aliyefika mwisho anaondoka na kitu cha kujifanyia mwenyewe, hata kama hakununua kwako.

Tena, nakusihi, ndani ya video hiyo useme wazi kwamba wewe nawe uliwahi kutuma mzigo wenye mchanga ulipoishiwa. Najua moyo utasita. Lakini anayeonyesha kosa lake ndiye ninayemwamini anaponionyesha ubora wake, na huyo mteja wa Dodoma ameshalisema hadharani. Ukilinyamazia litabaki kuwa lake, ukilisema litakuwa lako.

Sekunde za mwanzo zina thamani kuliko zote. Vijana wengi huanza kwa muziki, kisha jina la ukurasa, kisha salamu za mikoa yote, kisha ombi la kufuatwa, na mtu anayetazama kwa bando la shilingi mia chache anakuwa ameshaondoka. Muda na bando la mtazamaji ni mali yake, na kumcheleweshea kile ulichomwahidi ni namna ya kumwibia kidogo kidogo. Anza na mkono ukitia dagaa kwenye glasi. Salamu utazitoa ukimaliza. Weka pia maneno mafupi ya kusomeka juu ya picha, kwa kuwa wengi hutazama bila sauti wakiwa kwenye daladala au kazini.

Mambo mengine ya kuonyesha yamekuzunguka. Mwezi ukiwa mpevu, mbalamwezi huangaza ziwa zima, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi hupumzika na bei hupanda. Wewe hili unalijua tangu utoto; mteja wa Morogoro anaona bei imepanda tu na kudhani umekuwa na tamaa. Siku tano kabla ya mwezi kukamilika, simama ufukweni jioni, uuonyeshe mwezi wenyewe, useme kwamba wiki ijayo dagaa watakuwa wachache na anayetaka aagize sasa. Huo ni ujumbe wa kuharakisha mnunuzi, na kila neno lake ni kweli. Mwezi huja kila mwezi, kwa hiyo hutakosa cha kusema, na baada ya mara tatu watu wataanza kukuuliza wenyewe.

Kuhusu ziwa kufungwa, kijana alitupa bahati aliyoletewa mlangoni. Kwa miezi mitatu Kigoma ilikuwa na habari ambayo mikoa mingine mingi haikuwa nayo: kwa nini ziwa linafungwa, samaki wanapewa nafasi gani ya kuzaliana, wavuvi wanafanya nini wakati huo, na dagaa waliokaushwa mwezi Aprili wanahifadhiwaje mpaka Agosti bila kuharibika. Kama angeandika "Hawa ni dagaa wa akiba, tuliwakausha kabla ziwa halijafungwa, na hivi ndivyo tulivyowatunza", yule bwana wa Kasulu asingekuwa na utani wa kufanya. (Utani wake, hata hivyo, ulikuwa mzuri. Mjibu, ukiri kwamba haikuwa bafuni wala ziwani, ilikuwa stoo.)

Hata habari ya dagaa wa Mwanza ina upande wake wa haki, nao unavutia kuliko uzushi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika na dagaa wa Ziwa Victoria wanaitwa jina moja lakini si ndugu: wa kwenu wana undugu na sadini wa baharini, ilhali wa Ziwa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa wa samaki. Ndiyo maana ladha, harufu na namna ya kupika hutofautiana. Nunua wa Mwanza, upike aina zote mbili kwa nyanya na kitunguu kilekile, umpe jirani aonje, na useme kwa haki pale ambapo wa Mwanza wamependeza zaidi. Ninaamini video hiyo itazua ubishi wa siku tatu kati ya Wasukuma na Waha, na ubishi wa namna hiyo hauna mtu unayemdhulumu.

Usifunge ukurasa. Kufunga na kufungua mwingine kwa jina jipya ndiko wanakofanya matapeli, na waliokuita tapeli watasema walijua. Iondoe video ya uzushi, lakini usiiondoe kimyakimya. Andika tangazo la marekebisho, ulibandike juu kabisa ya ukurasa, na lisomeke hivi au karibu na hivi:

"Ukurasa huu ulisema kwamba dagaa wa Mwanza huhifadhiwa kwa dawa ya maiti. Hatukuwa na ushahidi wowote. Tumeiondoa video hiyo na tunawaomba radhi wavuvi na wauzaji wa Mwanza. Mwezi Julai tuliandika 'dagaa wa leo' wakati ziwa limefungwa. Dagaa wale walikaushwa mwezi Aprili. Baadhi ya picha za dagaa tulizoweka zilikuwa za mtu mwingine, nasi tumeziondoa na kumwomba radhi. Mteja aliyepokea mzigo wenye mchanga atuandikie, tutamrudishia fedha au kumtumia mzigo mwingine kwa gharama yetu."

Usiongeze visingizio, usiseme "kuna kijana alikosea". Ukurasa ni wako. Yule mwenye picha mwandikie pia kwa faragha, maana picha ni mali ya aliyeipiga, na tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Kuhusu uzushi wa sumu, kijana asome mwenyewe kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kinachohusu kuchapisha taarifa za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Sikuogopeshi, ninataka ajue uzito wa jambo alilolifanya ili kutafuta kiki. Na kwa kuwa sasa mtapiga video nyingi za chanjani, waombeni ruhusa wale kina mama watatu kabla ya kuwaonyesha nyuso zao, mwambie kila mmoja video itakwenda wapi, na anayekataa apigwe picha ya mikono tu. Tangu mwaka 2022 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwapo, mtu haonyeshwi mbele ya watu 15,000 akiwa amejifunga kanga ya kazi bila kuulizwa.

Kwa yule mwuza dawa ulijibu vizuri, na usirudi nyuma. Mawese mekundu yana sifa yake ya haki: rangi ile inatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na hilo unaweza kulisema bila kulipwa na mtu. Kuponya kisukari na shinikizo la damu ni jambo jingine. Mtu anaweza kuacha vidonge vya hospitali kwa sababu alikuamini wewe. Siku mtu mwingine atakapokulipa kutangaza kitu cha halali, labda vifungashio au usafirishaji, kubali ukipenda, lakini andika mwanzoni kabisa kwamba ni tangazo la kulipiwa.

Nakushauri upime maendeleo yako kwa daftari, si kwa idadi ya wafuasi. Kila wiki andika oda ngapi zimeingia, ngapi ni za watu walioagiza mara ya pili, na maswali gani yameulizwa zaidi ya mara moja. Swali lililoulizwa mara tatu ni video ya wiki ijayo. Wakikuuliza sado moja inatosha watu wangapi, pika, pakua, uhesabu sahani mbele ya kamera. Wakikuuliza mzigo unachukua siku ngapi kufika Dar es Salaam, fuatana na mfuko mmoja kuanzia kwenye mizani mpaka kwenye buti la basi, na umwombe mpokeaji apige picha ukifika. Video mbili za namna hiyo kwa wiki zinatosha, na miezi ya mwanzo itakuwa ya polepole. Wafuasi watapungua kwanza kwa sababu utakuwa umewaondoa wa bandia, na kijana atakuonyesha idadi hiyo kila jioni kama mtu anayeonyesha hati ya mashtaka. Mvumilie.

Maana kijana mwenyewe usimfukuze. Anajua kukata video, anajua kuandika kichwa kinachosimamisha mtu, na hivyo ni vipaji ambavyo wewe huna. Alichokosa ni kitu cha kweli cha kukisimulia, kwa sababu tangu arudi amekuwa akikaa na simu chumbani, na dagaa anawaona wakiwa kwenye sinia tu. Mpeleke Kibirizi saa 11 alfajiri maboti yanapoingia, abebe ndoo, aanike, ageuze, apigwe na jua mpaka saa 8 mchana. Mrudishie nywila kwa masharti mawili: hakiwekwi kitu ambacho wewe hujakitazama, na hakiandikwi kichwa ambacho ndani hakijibiwi. Mlipe pia. Hukuniambia kama unamlipa, na ukimya wako katika hilo nimeusikia. Kijana asiyelipwa hutafuta malipo yake kwenye idadi ya wafuasi.

Anza na Dodoma. Mzigo wa yule mteja utume wiki hii, wa chanja yako mwenyewe, kabla hujaweka tangazo la marekebisho na kabla ya glasi za maji. Mpigie simu umwambie basi gani na siku gani, usimwombe afute alichoandika, wala usimwombe aandike neno jipya.

Shangazi